Mboga ya Nyumbani na Afya ya Kijana

Wahenga walisema kuwa ujana ni moshi, ukienda haurudi. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya vijana wasipoteze wakati, lakini naona kuwa yafaa pia katika habari ya afya. Kijana ana afya kama mtu aliyerithi mali: hajui ilivyochumwa, kwa hiyo hafikiri kuwa yaweza kwisha. Hula apatacho, hulala apendapo, na asubuhi huamka mzima. Mwili hauleti hesabu yake siku ile ile. Huiandika kimya kimya, kisha huileta baada ya miaka ishirini au thelathini, wakati mdaiwa amekwisha kusahau deni.

Msomaji, yamkini wewe umo katika umri huo sasa. Sitaki kukutisha wala kukuhubiria, maana kijana aliyetishwa hukumbuka kwa siku moja, na aliyehubiriwa husinzia kabla ya mwisho. Nataka tufikiri pamoja juu ya jambo moja: unapokuwa na shilingi chache mkononi na njaa tumboni, wachagua nini, na kwa sababu gani? Nakaa katika mji wa Kakamega, na nimefundisha shule katika sehemu hii kwa miaka mingi. Nimeona vijana wengi wakilijibu swali hili kwa midomo yao kwa namna moja, na kwa mikono yao kwa namna nyingine.

Siku hizi pana sifa kubwa duniani kwa chakula cha kilimo hai, yaani chakula kilichokuzwa pasipo mbolea za viwandani na pasipo dawa za sumu zilizotengenezwa kwa kuulia wadudu na magugu. Wengi hudhani kuwa jambo hili ni jipya, lakini kilicho kipya ni jina tu. Mwingereza Albert Howard alikwenda India mwaka 1905 akiwa mtaalamu wa kilimo wa serikali. Alipowatazama wakulima wa nchi ile aliona kuwa walikuwa na mengi ya kumfundisha. Alijifunza kwao, akaeneza njia ya kugeuza majani, samadi na takataka za shamba kuwa mboji, njia iliyopewa jina la mji wa Indore. Mwaka 1940 alitoa kitabu juu ya mambo hayo, na mwaka huo huo mwenzake, Lord Northbourne, alitoa kingine kilicholieleza shamba kuwa ni kitu kizima kilicho hai, si mtambo wa kutiwa dawa upande mmoja na kutoa mazao upande wa pili. Mwaka 1962 Rachel Carson wa Marekani aliandika jinsi DDT na dawa nyinginezo zilivyokuwa zikiangamiza ndege na samaki. Sisi wa Afrika ya Mashariki tulipata kanuni zetu za pamoja mwaka 2007, na alama yake inaitwa Kilimohai, neno la Kiswahili lisilohitaji mkalimani.

Basi njoo nami kwa fikira mpaka katika soko la Kakamega, hasa saa za asubuhi, wakati umande haujakauka katika mafungu ya mboga. Utaona akina mama waliotoka Shinyalu, Khayega, Malava na Lurambi wamepanga mbele yao mboga ambazo kila moja ina jina lake na tabia yake. Pana mrenda, ambao huteleza kooni na aghalabu huchanganywa na kunde. Pana managu, ambayo Waluhya huyaita lisutsa, yenye uchungu ambao watoto huukataa na wazee huutafuta. Pana saga, au tsisaka, ambayo wapishi wengine huipika, wakaitia maziwa na kuiacha ilale usiku mmoja ili ukali wake upungue. Pana terere, mitoo, nderema, na majani ya maboga tunayoyaita seveve. Kando yake utaona chupa za musherekha, maji ya chumvichumvi yaliyochujwa katika majivu ya maganda ya maharagwe, yanayotiwa katika mboga ngumu ili zilainike. Ugali, mrenda na kunde vikikutana katika sahani moja, mtu wa Kakamega hahitaji kuelezwa kuwa amefika nyumbani.

Mboga hizi zina nguvu nyingi mwilini. Zina vitamini A, chuma na kalsiamu, vitu ambavyo msichana na mvulana anayekua huvihitaji kila siku. Zikitiwa mafuta kidogo wakati wa kupikwa, mwili hupata kwa urahisi zaidi kile ambacho hugeuka kuwa vitamini A. Zikichemshwa kupita kiasi, au zikitiwa musherekha mwingi, hupoteza sehemu ya vitamini zake, hasa vitamini C. Kwa hiyo hata kitu chema chahitaji mpishi mwenye kipimo.

Walakini, kwa muda mrefu mboga hizi zilidharauliwa. Katika vitabu vya kilimo baadhi yake ziliandikwa kuwa ni magugu. Kabichi na sukuma wiki vilipewa nafasi ya mbele shambani. Saga na managu vikaachiwa pembe ya nyuma ya nyumba, vikawa chakula cha wazee na cha siku ya shida. Miwa ya sukari ilipoenea katika nchi ya Mumias tangu miaka ya 1970, mashamba mengi yaliyokuwa yakitoa chakula yaligeuka kuwa ya kutoa fedha, na bustani ya mama ikazidi kuwa ndogo. Mtoto aliyepelekwa shule ya bweni alijifunza kuona haya kwa mrenda, kama alivyojifunza kuona haya kwa lugha ya mama yake.

Aliyefanya kazi kubwa ya kuigeuza fikira hiyo ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango. Alipokuwa mtoto mwili wake ulikataa vyakula vitokanavyo na wanyama, kama samaki, mayai na maziwa, hivyo alikua kwa mboga za kienyeji. Alipokwenda kusoma kilimo katika chuo kikuu alistaajabu kuona kuwa mboga zilizomlea hazikuwa na nafasi katika masomo, isipokuwa kwa jina la magugu. Akazifanya kazi ya maisha yake. Alifundisha na kufanya uchunguzi katika Chuo Kikuu cha Maseno, kisha katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya wanasayansi wanawake. Mwaka 2021 UNESCO nayo iliiandika juhudi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili, iliyoanzishwa mwaka 2007 na wataalamu pamoja na wananchi wenyewe, katika daftari la mifano bora ya kuhifadhi urithi. Katika juhudi hiyo mimea ya kienyeji ipatayo 850 iliorodheshwa kwa majina yake ya nyumbani.

Sasa tuwatazame vijana. Binti ya ndugu yangu ni mwanafunzi katika chuo kikuu cha mji wetu, chuo chenye jina la Masinde Muliro, na kwa sababu yeye na wenziwe huja kwangu mara nyingi, nimepata nafasi ya kuwasikiliza. Nimewaona kuwa ni wa namna tatu. Wa kwanza hawafikiri habari ya afya hata kidogo. Chipsi na soda ndiyo karamu yao, na wakiulizwa husema kuwa ugonjwa ni jambo la wazee. Wa pili hufikiri habari ya afya sana, lakini afya yao ni ya kioo. Wanataka kiuno chembamba au kifua kipana, na kwa ajili hiyo hununua unga wa kopo uliosifiwa katika simu, wasijue umetengenezwa na nani wala una nini ndani yake. Wa tatu ni wachache, na ndio wanaouliza: chakula hiki kimetoka wapi, kimekuzwa na nani, kimetiwa nini?

Wala usidhani kuwa vijana wa nchi tajiri ni wa namna nyingine. Ndugu yake huyo binti anasoma Ujerumani, na katika barua zake hunieleza mambo ya huko. Wenzake wengi hupenda kununua karoti na mayai yenye alama ya kilimo hai. Alama ya serikali ya nchi ile ilitolewa mwaka 2001, baada ya watu kuingiwa na hofu kwa sababu ya ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe. Aliandika kuwa wengine hununua kwa ajili ya miili yao, wengine kwa huruma ya wanyama, wengine kwa ajili ya udongo na maji, na wengine kwa sababu rafiki zao wamenunua. Akaongeza jambo lililonichekesha kisha likaniumiza: katika duka moja la chakula cha afya aliona mbegu za mchicha zimetiwa katika pakiti nzuri, bei yake kubwa. Mchicha huo ni jamaa ya terere, ambayo nyumbani kwetu alikuwa akitumwa kuing'oa katika mahindi, naye akinung'unika.

Kila taifa limefika katika chakula hiki kwa njia yake. Nchini Denmark serikali iliweka alama yake tangu mwisho wa miaka ya 1980, na kwa kuwa watu wa huko huwaamini wakaguzi wa serikali yao, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya chakula kinachouzwa madukani ni cha kilimo hai. Japani ilipita njia ya uchungu. Watu wa Minamata walikula samaki waliokuwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, na ugonjwa wao ukatangazwa rasmi mwaka 1956. Katika miaka ya 1970 akina mama wa miji ya Japani walianza kufanya mapatano na wakulima: sisi tutanunua mazao yako yote, mazuri na yenye kasoro, nawe utatukuzia pasipo sumu. Mapatano hayo huitwa teikei, na nguvu yake ni kujuana. Nchini China mwaka 2008 maziwa ya watoto yalitiwa melamini ili yaonekane kuwa na protini nyingi. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita walikufa. Tangu hapo wazazi wengi vijana wa nchi ile hutafuta chakula safi kwa moyo wa mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka.

Ukiiweka mifano hiyo pamoja utaona kuwa mnunuzi hanunui mboga peke yake. Hununua mboga pamoja na imani. Mdenmark humwamini mkaguzi, mama wa Japani humwamini mkulima amjuaye, Mchina anatafuta wa kumwamini. Je, kijana wa Kakamega amwamini nani?

Kabla ya kujibu, yatupasa tuseme kweli juu ya faida ya chakula hiki, maana sifa zake zimepita mpaka. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya uchunguzi zaidi ya 200. Hawakuona tofauti kubwa ya vitamini kati ya chakula cha kilimo hai na kingine, lakini waliona kuwa cha kilimo hai kina mabaki machache zaidi ya dawa. Nchini Ufaransa watu wazima karibu 69,000 walifuatwa kwa miaka michache, na matokeo yakatolewa mwaka 2018: waliokula zaidi chakula cha kilimo hai walipatwa na saratani kwa uchache zaidi, pungufu ya robo. Lakini nchini Uingereza wanawake zaidi ya 600,000 walifuatwa kwa miaka kama tisa, na taarifa ya mwaka 2014 haikuonyesha kuwa saratani kwa jumla ilipungua kwa waliokula chakula hicho. Tena yapasa kukumbuka kuwa anayenunua chakula ghali aghalabu ana fedha zaidi, huvuta sigara kidogo na hufanya mazoezi. Ni vigumu kujua lililomfaa ni lipi.

Kilicho wazi ni hiki. Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Kijana asiyekula mboga yoyote hatapona kwa kubishana kama mboga iwe ya alama au isiyo ya alama. Na anayepata hatari kubwa zaidi ya sumu si mlaji, bali ni yule anayeinyunyiza, bomba likiwa mgongoni, pasipo kinyago wala glavu, upepo ukimrudishia usoni. Huyo naye mara nyingi ni kijana. Ukifikiri habari ya chakula safi, usifikiri tumbo lako tu. Fikiri pia mapafu ya mwenzio.

Sasa nirudi sokoni. Watu wengi wa mji wetu huona kuwa mboga ikiitwa ya kienyeji, basi imekwisha kuwa safi. Sivyo. Kienyeji ni habari ya ukoo wa mmea. Kilimo hai ni habari ya malezi yake. Mtoto wa ukoo mwema aweza kulelewa vibaya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tangu mboga hizi zilipoanza kusifiwa na kununuliwa na mahoteli na maduka makubwa, wako wanaozilima kwa haraka na kwa dawa, na wako wanaozimwagilia maji ya mitaro ya mji. Dawa nyingi za wadudu zina siku za kungoja zilizoandikwa katika chupa: ukinyunyiza leo, usichume mpaka siku hizo zipite. Lakini mwenye shida ya karo ya shule hangoji, na mnunuzi haoni kwa macho.

Nilimwuliza mama mmoja ninayenunua kwake, "Mama, saga hii umeitia dawa?"

Akacheka, akasema, "Mwalimu, saga yenyewe ni dawa. Harufu yake wadudu wengi hawaitaki. Lakini nyanya hizi za jirani yangu usiniulize, sikuzilima mimi."

Jibu lile lilinipa faida kuliko kibandiko chochote. Aliniambia ajualo, akaacha asilolijua. Baadaye alinialika shambani kwake nikaone samadi yake na mboji yake, na tangu siku ile nanunua kwake, hata mboga yake ikiwa na matundu mawili matatu ya wadudu. Hiyo ndiyo teikei ya Kakamega, ingawa yeye hajapata kulisikia neno hilo. Hata katika kanuni za kilimo hai za Afrika ya Mashariki pana nafasi ya vikundi vya wakulima wadogo wanaokaguana wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu gharama ya kumwita mkaguzi mgeni ni kubwa kwao. Jirani amjuaye jirani yake ni mkaguzi asiyedanganyika upesi.

Binti ya ndugu yangu hakukubali yote haya kwa urahisi, na kwa haki yake nitayaeleza maneno yake. Aliniambia, "Shangazi, wewe una pensheni na una jiko. Mimi nina chumba kimoja na wenzangu wawili, na fedha za juma zima hazijazi kiganja. Mrenda hautafuniki mbichi. Unataka kuchambuliwa, kuoshwa, kupikwa. Chipsi ziko tayari, zinashibisha, na hakuna anayenicheka."

Nilimjibu, "Mwanangu, umesema kweli, na asiyejua njaa ya mwanafunzi asimwonyeshe kidole."

Nasi tukakaa kufanya hesabu. Tuliona kuwa bei ya soda mbili siku ile ilitosha fungu kubwa la saga na vitunguu vyake. Kilichokuwa ghali ni wakati, tena wakati wa mtu mmoja. Akaondoka bila kuahidi neno. Baada ya majuma machache nilisikia kuwa yeye na wenziwe watano wamechanga fedha: Jumamosi mmoja huenda sokoni, wawili huchambua, wengine hupika, na mboga huliwa siku mbili. Sikumwambia mimi afanye hivyo. Mtu akiisha kuiona hesabu kwa macho yake, miguu humpeleka.

Wengine husema kuwa kilimo pasipo dawa ni ndoto ya watu walioshiba, na kuwa nchi yenye watu wengi na mashamba madogo kama Kakamega haiwezi kujilisha kwa samadi tu. Shauri hili si la kudharauliwa. Udongo uliochoka hauponi kwa maneno, na mwenye robo ya ekari hana ng'ombe wa kutosha kumpa samadi. Lakini si kweli kuwa hakuna akili nyingine isipokuwa ya chupa. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa taasisi ya icipe, katika kituo chao cha Mbita kando ya Ziwa Viktoria, wamefundisha wakulima wa Magharibi ya Kenya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya mabingobingo kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo wa kiwavi anayetoboa mabua, mabingobingo humvuta kando, na mizizi ya desmodiamu huzuia kiduha, gugu linalonyonya mahindi. Udongo nao hupata rutuba, na ng'ombe hupata malisho. Mambo haya yanataka kujua zaidi kuliko kumwaga dawa, na kujua ndiyo kazi ya vijana waliosoma.

Tena, si kila kitu cha asili kinachopaswa kuliwa bila kiasi. Msitu wa Kakamega, ulio mabaki ya upande wa mashariki ya msitu mkubwa wa Afrika ya Kati, una mzizi uitwao mukombero, ambao vijana wetu huutafuna kwa ladha yake na kwa sifa zake za kutia nguvu. Haukutiwa mbolea wala dawa. Ni safi kama mvua. Lakini umechimbwa sana hata umekuwa haba msituni, kwa maana anayeng'oa mzizi huua mmea mzima. Baadhi ya wakulima wanaozunguka msitu wameanza kuupanda mashambani mwao, na hao ndio wanaostahili kusifiwa. Chakula safi kinachoumaliza msitu kina doa lisiloonekana katika sahani.

Nimebakiza neno moja lililo karibu zaidi na moyo wangu. Mama yangu aliishi karibu na Shinyalu mpaka alipofariki dunia mwaka 2021. Hakununua mbegu za mboga dukani. Alijua mmea upi usichumwe, uachwe mpaka ukomae. Mbegu zake alizikausha, akazichanganya na majivu ili wadudu wasizile, akazitia katika vibuyu na kuvitundika juu ya meko moshi uvifikie. Hayo yote hayakuandikwa popote. Katika mwaka wake wa mwisho binti ya ndugu yangu, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa sekondari kama wewe, alikuwa akienda kwake siku za Jumamosi. Alimwita kukhu kwa desturi yetu, akamsaidia kuteka maji, na jioni akaandika katika daftari la shule yale aliyoambiwa: majina ya mboga, mwezi wa kupanda, mboga ipi ipikwe na ipi, na ipi mama mjamzito apewe.

Baada ya maziko tulivishusha vibuyu. Saga, mitoo na managu vilikuwa vizima, na mbegu zile zimepandwa tena kila mwaka. Lakini kibuyu kimoja kilikuwa kimepasuka na mvua imeingia. Ndani yake zilikuwamo kunde za majani mapana, aina ambayo mama yangu aliipata kwa mama yake. Tuliwauliza majirani wote, tukauliza hata katika soko la Khayega; hapana aliyekuwa nayo. Katika daftari la binti yule jina lake limo, na namna ya kuipika imo, lakini mbegu yenyewe haipo. Tunajua jinsi ya kupika kitu ambacho hatutakila tena.

Msomaji, afya ya kijana imefungwa pamoja na mambo kama haya. Duka laweza kukuuzia pakiti yenye alama, nawe ukiwa na fedha inunue, si vibaya. Alama ya kweli ni jasho la mkulima lililothibitishwa. Lakini huko kwenu, Kakamega au penginepo, yuko mzee mwenye kibuyu. Nenda kwake angali hai. Muulize analima nini na analimaje, andika jina kwa lugha yake, omba mbegu kiganja kimoja, uipande hata kama ni katika mkebe nyuma ya bweni. Mwulize anayekuuzia nyanya kama amengoja siku zake. Kula mboga ya leo leo, pasipo kungoja mpaka uwe tajiri. Na ukimwona mwenzio anaona haya kwa mrenda, usimcheke, mkaribishe sahanini.